Henri, Milihenri na Mikrohenri

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kwamba umeme ukipita katika waya, nguvu ya sumaku hutokea kuuzunguka waya huo. Tulizungusha waya kwenye msumari, tukaunga ncha zake na betri, na msumari ukanyanyua pini. Tulipoiondoa betri, pini zikaanguka. Waya uliozungushwa namna hiyo huitwa koili. Leo tutajifunza jinsi koili inavyopimwa, na jinsi ya kubadili kipimo kimoja cha koili kuwa kingine.

Huenda ukadhani kwamba koili ni kitu cha maabara tu. Sivyo. Ukikaa Shinyanga, Kahama au Geita, koili zimekuzunguka pande zote. Transfoma iliyo juu ya nguzo za umeme ina koili kubwa ndani yake. Feni ina koili. Mota ya mashine ya kusaga mahindi ina koili. Redio ya babu ina koili ndogo iliyozungushwa kwenye ufito mweusi. Na yule mtu unayemwona akitembea polepole porini, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni, akipitisha sahani ya duara juu ya ardhi kama anayefagia, naye amebeba koili. Sahani ile ndiyo koili yenyewe. Anatafuta dhahabu.

Mkokoteni na umeme

Koili ina tabia moja ya ajabu. Haipendi mabadiliko. Umeme unapoanza kupita ndani yake, koili huuzuia usiongezeke haraka. Umeme unapokatwa, koili hujitahidi kuuendeleza usikome ghafula.

Tabia hii inafanana na ya mkokoteni wa ng'ombe. Fikiri mkokoteni uliojaa pamba ukipelekwa mnadani. Ng'ombe wakianza kuvuta, mkokoteni hauondoki mara moja. Huanza polepole, kisha hushika mwendo. Ukiwa umeshika mwendo, hausimami mara moja ng'ombe wanaposimama, bali huwasukuma kwa nyuma. Mkokoteni mtupu huanza upesi na kusimama upesi. Koili yenye mizunguko mingi ni kama mkokoteni uliojaa, na koili yenye mizunguko michache ni kama mkokoteni mtupu. Uzito wa mzigo twaupima kwa kilo. Basi huu “uzito” wa koili, yaani uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya umeme, nao una jina na una kipimo. Jina lake ni indaktansi. Kipimo chake ni henri.

Mfano wa mkokoteni usiuchukue mbali mno. Koili haina magurudumu, na umeme hauchoki kama ng'ombe. Lakini mfano huu utakusaidia kukumbuka jambo lenyewe.

Jaribio: Cheche za koili

Vifaa: boli kubwa ya chuma, waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, kama ule unaotolewa katika mota iliyoharibika, betri mbili za tochi, tupa ya chuma, kipande cha msasa.

Zungusha waya kwenye boli mara 300, ukibana mizunguko vizuri. Kazi hii huchosha, hivyo wanafunzi wapokezane, na mmoja ahesabu kwa sauti. Kwangua vanishi kwenye ncha mbili za waya kwa msasa. Unga ncha moja na betri. Unga upande wa pili wa betri na tupa. Sasa ishike ncha iliyobaki mahali palipo na vanishi, uipitishe juu ya meno ya tupa katika pembe yenye giza ya darasa. Unaona nini?

Ondoa koili. Weka mahali pake waya mwingine wa urefu ule ule, lakini usizungushwe popote; uache umelala mezani umenyooka au umepinda ovyo. Rudia. Cheche sasa zikoje?

Utaona kwamba cheche za koili ni kubwa zaidi. Betri ni zile zile, na waya una urefu ule ule. Kila ncha inaporuka kutoka jino moja la tupa hadi jingine, umeme hukatika, na koili hujaribu kuuendeleza. Ile cheche ni mkokoteni uliokataa kusimama.

Onyo. Jaribio hili hufanywa kwa betri za tochi tu. Usilijaribu kamwe kwa umeme wa nyumbani au wa shuleni, wala usiifungue koili iliyomo katika taa au mota iliyounganishwa na umeme huo. Umeme huo huua. Tena usiache betri zimeunganishwa na koili kwa muda mrefu, kwa maana waya hupata moto.

Mwalimu aliyekuwa na sumaku kubwa

Jina la kipimo hiki limetokana na Joseph Henry, aliyezaliwa Marekani mwaka 1797. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Albany, na majaribio yake aliyafanya wakati wa likizo. Henry alifunika waya kwa hariri ili mizunguko isigusane, akaweza kuzungusha waya mwingi juu ya kipande kimoja cha chuma. Mwaka 1831 sumaku yake moja ya umeme iliweza kushika mzigo wa zaidi ya kilo 900. Mwaka uliofuata aliandika habari za cheche alizoziona alipokata umeme katika waya mrefu, ambazo ni ndugu wa zile ulizoziona juu ya tupa. Katika miaka hiyo hiyo Michael Faraday alikuwa akichunguza mambo ya jinsi hiyo huko Uingereza. Mwaka 1893 wataalamu wa umeme wa nchi nyingi walikutana Chicago, wakakubaliana kukiita kipimo cha indaktansi henri.

Henri 1 ni kiasi gani? Tuseme umeme unaopita katika koili unaongezeka kwa ampea 1 katika muda wa sekunde 1. Ikiwa koili inasukuma kinyume kwa nguvu ya volti 1, basi koili hiyo ina henri 1.

Hiyo ni koili kubwa. Zile taa ndefu za tyubu za aina ya zamani, zinazopepesa kwanza kabla ya kuwaka, zina kitu kizito cha chuma na shaba kiitwacho choki. Choki ni koili, na indaktansi yake ni kama henri 1 hivi. Ukiishika mkononi utaona uzito wake. Koili ya redio au ya mashine ya kutafutia dhahabu ni ndogo mno kuliko hiyo. Tukizipima kwa henri tutaandika 0.0003, au 0.00025, na macho yatachoka kuhesabu sifuri. Kwa hiyo twahitaji vipimo vidogo zaidi.

Almasi ya Mwadui

Jambo hili si geni kwenu. Mkulima hupima pamba kwa kilo. Muuza dhahabu hupima kwa gramu. Mpimaji wa almasi hutumia kipimo kidogo zaidi kiitwacho karati, na karati 1 ni miligramu 200. Kwa nini kila mmoja ana kipimo chake? Kwa sababu kila mmoja anataka namba anayoweza kuisema bila ya kujikwaa.

Katika mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, mwezi wa Oktoba mwaka 1947 ilipatikana almasi yenye rangi ya waridi. Uzito wake ulikuwa karati 54.5. John Williamson, mwenye mgodi wakati huo, aliitoa iwe zawadi ya arusi ya binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Hebu tupime uzito wa jiwe hilo kwa vipimo vyetu:

karati 54.5 × 200 = miligramu 10,900
miligramu 10,900 ÷ 1,000 = gramu 10.9
gramu 10.9 ÷ 1,000 = kilo 0.0109

Jiwe ni lile lile. Halikupungua wala halikuongezeka. Kilichobadilika ni kipimo, na namba ikabadilika kukifuata. Baadaye jiwe hilo lilichongwa, likabaki na karati 23.6, yaani miligramu 4,720 au gramu 4.72. Hapo ndipo lilipopungua kweli! Gramu 6.18 ziliondoka katika kuchonga. Tofautisheni mambo haya mawili: kubadili kipimo, na kubadili kitu chenyewe. Mtu akiyachanganya hupata hasara, kama tutakavyoona karibuni.

Neno “mili” lililo mbele ya gramu maana yake ni sehemu moja ya elfu. Neno hilo hilo hukaa mbele ya mita, lita, ampea na henri, na maana yake haibadiliki. Milihenri ni sehemu moja ya elfu ya henri.

Neno “mikro” maana yake ni sehemu moja ya milioni. Milioni ni namba kubwa, na si rahisi kuiona kwa akili. Basi twende Geita. Mwamba wenye dhahabu hupimwa kwa kusema una gramu ngapi za dhahabu katika kila tani. Tani moja ni kilo 1,000, na kila kilo ni gramu 1,000. Kwa hiyo tani moja ni gramu 1,000,000. Wachimbaji wanaposema kwamba mwamba una gramu 1 katika tani, wanasema kwamba kati ya sehemu milioni za mawe, sehemu moja tu ni dhahabu. Rundo la tani moja hulitoshi kulibeba wewe na darasa lako lote kwa safari moja. Gramu moja hukaa juu ya ukucha. Uhusiano wa ukucha ule na rundo lile ndio uhusiano wa mikrohenri na henri.

Kupanda na kushuka

Andika vipimo hivi katika daftari lako, kikubwa juu, kidogo chini:

henri 1 = milihenri 1,000
milihenri 1 = mikrohenri 1,000
henri 1 = mikrohenri 1,000,000

Kutoka kipimo kikubwa kushuka kwenda kidogo, zidisha. Kutoka kidogo kupanda kwenda kikubwa, gawanya. Kila hatua moja ni 1,000. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba tukienda kwenye kipimo kidogo, namba nayo iwe ndogo. La, kinyume chake. Debe moja la mahindi ni vikombe vingi. Kipimo kikipungua, hesabu yake huongezeka.

Mfano wa kwanza. Koili ina milihenri 4. Ni mikrohenri ngapi? Tunashuka hatua moja: 4 × 1,000 = mikrohenri 4,000.

Mfano wa pili. Koili ina mikrohenri 250. Ni milihenri ngapi? Tunapanda hatua moja: 250 ÷ 1,000 = milihenri 0.25. Ni henri ngapi? Tunapanda hatua nyingine: 0.25 ÷ 1,000 = henri 0.00025.

Ukigawanya kwa 1,000, nukta ya desimali husogea nafasi tatu kwenda kushoto. Ukizidisha kwa 1,000, husogea nafasi tatu kwenda kulia. Namba nzima kama 250 nayo ina nukta, ila haikuandikwa. Ipo mwishoni, baada ya sifuri.

Mfano wa tatu. Koili ina henri 0.0012. Tunashuka hatua mbili. Kwanza 0.0012 × 1,000 = milihenri 1.2. Kisha 1.2 × 1,000 = mikrohenri 1,200. Usiruke hatua mbili kwa mara moja mpaka uwe umezoea.

Kisa cha fundi na mwanafunzi wake

Fikirini kikundi cha wachimbaji wadogo karibu na Geita. Wamechangishana fedha, wamenunua mashine moja ya kutafutia dhahabu. Siku moja sahani ya mashine inakanyagwa na gari na koili yake inakatika. Wanaipeleka kwa fundi wa redio mjini. Mashine ikikaa kwa fundi siku tatu, kwa siku tatu hizo hakuna anayetafuta, na nyumbani watu wanakula.

Koili za mashine nyingi za namna hii, zile zinazofanya kazi kwa kurusha mapigo mafupi ya umeme, huwa na mikrohenri 300 hivi. Ni mizunguko ishirini na kitu tu ya waya, katika duara lenye upana wa sentimita 28 au karibu na hapo. Fundi anazungusha waya mpya, kisha anamwachia mwanafunzi wake kazi ya kuipima kwa mita. Mwanafunzi anaunga ncha mbili, anatazama, na uso wake unabadilika.

“Shikamoo, mzee,” anasema fundi anaporudi kutoka dukani. “Koili hii haifai. Tunataka 300, na mita inasema 0.3. Nimekata waya mwingine ili niongeze mizunguko.”

“Marahaba, mwanangu. Umeongeza mingapi?”

“Bado sijaongeza. Nilikuwa nakusubiri.”

“Vyema ulivyosubiri. Kitufe cha mita umekiweka wapi?”

Mwanafunzi anatazama. Kitufe kipo kwenye alama ya milihenri.

“Haya,” anasema fundi. “Milihenri 0.3 ni mikrohenri ngapi?”

Mwanafunzi anasogeza nukta nafasi tatu kwenda kulia katika kipande cha boksi: 0.3 × 1,000 = 300. Koili ilikuwa kamili tangu mwanzo.

Je, kama angeongeza mizunguko? Katika koili ya namna hii, ukizidisha mizunguko mara mbili, indaktansi huwa karibu mara nne, kwa sababu kila mzunguko mpya huusaidia kila mzunguko wa zamani. Mikrohenri 300 zingefika karibu 1,200. Mashine ingewashwa, ingetoa sauti, lakini isingeona chembe ndogo za dhahabu. Wenye mashine wangetembea porini wiki nzima wakidhani ardhi haina kitu. Kosa la kipimo halipigi kelele kama waya uliokatika. Hilo ndilo baya lake.

Jinsi mashine inavyoiona dhahabu

Sasa umeshajua ya kutosha kuelewa kazi ya sahani ile. Mashine hupitisha umeme katika koili, kisha huukata ghafula, mara nyingi katika kila sekunde. Tuseme umeme wa ampea 1 unakatwa katika muda wa mikrosekunde 3, yaani sehemu tatu za milioni za sekunde. Koili ya mikrohenri 300 husukuma kwa volti ngapi? Gawanya 300 kwa 3: ni volti 100. Betri ni ndogo, lakini msukumo ni mkubwa. (Angalia kwamba “mikro” ya juu na “mikro” ya chini zimefutana. Ingekuwa milihenri kwa mikrosekunde, tungelazimika kwanza kubadili moja ifanane na nyingine.)

Sumaku ya koili inapotoweka ghafula hivyo, husababisha vijito vidogo vya umeme kuzunguka ndani ya metali yoyote iliyo karibu, hata ikiwa chini ya udongo. Vijito hivyo navyo hutoa sumaku yake, dhaifu sana, inayokawia kidogo kufifia. Koili huisikia, na mashine hulia. Udongo mkavu na mchanga mweupe hazina vijito hivyo. Dhahabu inavyo. Msumari, kizibo cha soda na ganda la risasi vinavyo pia, ndiyo maana mtafutaji huchimba mara nyingi na kupata takataka.

Geita ina tatizo jingine la kwake. Sehemu kubwa ya dhahabu ya huko imo katika miamba yenye tabaka za chuma, na ndani yake mna madini meusi yaitwayo magnetaiti, ambayo huvutwa na sumaku. Kumbuka boli katika jaribio letu: chuma kikiwa ndani ya koili, indaktansi huongezeka. Jiwe la magnetaiti likiwa karibu na sahani hufanya jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo, na hivyo huichanganya mashine. Dhahabu haivutwi na sumaku kabisa. Watengenezaji wa mashine hutumia akili nyingi kutenganisha sauti ya jiwe na sauti ya dhahabu, na bado mtafutaji mgeni hudanganyika.

Wewe waweza kujaribu. Chukua sumaku, uifunge katika karatasi, uipitishe katika mchanga wa korongo baada ya mvua. Chembe nyeusi zitakazong'ang'ania karatasi aghalabu ni magnetaiti. Zitie katika chupa na uziandike jina. Lakini mchanga uchukuliwe korongoni au kando ya barabara, si katika mashimo ya machimbo. Mashimo yaliyoachwa huporomoka bila ya dalili, na sheria ya Tanzania inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuajiriwa mgodini.

Redio

Redio inastahili maneno machache. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wengi nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya afya kwa redio. Ukifungua redio ya masafa ya kati ya wakati ule utakuta ufito mweusi uliozungushiwa waya. Koili hiyo aghalabu ni ya mikrohenri mia mbili hadi mia tatu hivi. Unapozungusha kitufe cha stesheni, koili hushirikiana na kifaa kingine, kapasita, kuchagua wimbi moja na kuyaacha mengine. Fundi akiweka koili iliyo kubwa mara kumi kuliko inayotakiwa, kwa kusoma 2.5 mahali pa 0.25, wimbi linalochaguliwa huwa tofauti kabisa, na stesheni haipatikani hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho.

Alama na namba za siri

Kwa kifupi henri huandikwa H, milihenri mH, na mikrohenri µH. Herufi µ ni ya Kigiriki. Kwa kuwa mashine nyingi za kuchapia hazina herufi hiyo, viwandani huandika uH, na maana ni ile ile. Angalia sana ukubwa wa herufi. “m” ndogo ni mili. “M” kubwa ni mega, yaani milioni nzima. Kati ya “m” na “M” pana tofauti ya mara 1,000,000,000!

Juu ya koili ndogo za siku hizi, ambazo baadhi yake hazizidi punje ya mtama, hapana nafasi ya kuandika maneno. Huandikwa namba tatu. Mbili za kwanza husomwa kama zilivyo. Ya tatu huonyesha idadi ya sifuri zinazofuata. Jibu huwa katika mikrohenri. Koili yenye 471 ni 47 na sifuri moja: mikrohenri 470. Yenye 103 ni 10 na sifuri tatu: mikrohenri 10,000, yaani milihenri 10. Na yenye 470? Ni 47 bila ya sifuri yoyote, yaani mikrohenri 47. Namba hiyo imewashinda hata watu wazima.

Mazoezi

1. Badili kuwa mikrohenri: (a) mH 2, (b) mH 0.45, (c) H 0.015.

2. Badili kuwa milihenri: (a) µH 4,700, (b) H 1.2, (c) µH 85.

3. Panga koili hizi kuanzia ndogo hadi kubwa: mH 0.45, µH 390, H 0.0005. Kwanza zibadili zote ziwe katika kipimo kimoja.

4. Koili tatu zimeandikwa 221, 102 na 680. Kila moja ina mikrohenri ngapi? Ipi kati yake ina milihenri 1 kamili?

5. Almasi ina karati 5. Uzito wake ni miligramu ngapi? Ni gramu ngapi?

6. Mwamba una gramu 2 za dhahabu katika kila tani. Katika tani 40 za mwamba huo mna gramu ngapi za dhahabu? Ni kilo ngapi?

7. Mwanafunzi ameokota chembe nyeusi na chembe ya manjano. Sumaku inavuta nyeusi na kuiacha ya manjano. Mwanafunzi anasema: “Basi ya manjano ni dhahabu.” Je, jaribio lake linatosha kuthibitisha hivyo? Taja metali nyingine isiyovutwa na sumaku.

8. Fundi anataka koili ya µH 300. Ana koili tatu: ya kwanza mH 2.8, ya pili mH 0.28, ya tatu µH 0.28. Achague ipi? Akisha kuichagua, je, aongeze mizunguko au apunguze?